Kukadiria Kifaru Ukiwa Sosiot

Kazi yangu ni kukisia siri za majeshi. Nasema hivi mapema ili msomaji asinidhanie jasusi, kama alivyonidhania mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha mama yangu, ambaye siku aliyoelezwa ninachofanya aliomba niwekewe ukuta wa moto pande zote nne. Sina bunduki, sina cheo, na kifaru cha kweli sijawahi kukigusa hata kwa fimbo. Nina kompyuta, rula, kikokotoo, na chumba kimoja cha mabati kilichojengwa ubavuni mwa zizi la mama hapa Sosiot, kwenye mlima wa mashamba ya chai, mahali ambapo mtandao hushika vizuri kuliko kanisani.

Kuna kampuni ng'ambo inayotengeneza mchezo wa kompyuta wa vita. Si ule wa kukimbia ukifyatua ovyo. Huu ni wa watu wazima wenye wake na vitambi, watu wanaotaka kifaru cha kwenye skrini kiende kama kifaru chenyewe. Shida ni kwamba mambo makubwa ya kifaru ni siri ya serikali. Unene wa chuma cha mbele, kasi ya kurudi nyuma, muda wa kupakia kombora, yote hayo yamefungiwa kwenye makabati ya majeshi. Kwa hiyo kampuni huajiri watu kama mimi, waliosoma fizikia chuo kikuu wakakosa shule ya kufundisha, ili wakadirie. Tunachukua picha ya gwaride, tunamtazama askari aliyesimama kando, tunamkisia urefu, tunapima gurudumu kwa urefu wake, na kutoka kwa gurudumu tunapanda polepole hadi kwenye unene wa chuma. Mwisho wa yote tunaandika nambari na kando yake kiwango cha uhakika: juu, kati au chini.

Sheria ya kwanza ya kazi ni kwamba kila nambari iwe na chanzo, na chanzo hicho kiwe cha wazi. Karatasi ya siri ikikufikia, unaifunga, unaripoti, unanawa mikono. Sheria hii haikutoka hewani. Wachezaji wa michezo ya aina hii wana ugonjwa wao. Mtu amekula kiapo mbele ya bendera ya nchi yake, ametunza siri miaka na miaka bila hata mkewe kuambulia kitu, halafu siku moja kijana asiyejua kunyoa anamwambia mtandaoni kwamba kifaru chake kinajikokota kama bibi harusi. Mtu mzima huyo anaenda kazini, anapiga picha kitabu cha siri, na kukianika hadharani ili ashinde mabishano. Sijui kwa nini majasusi bado wanahangaika kujificha vichakani. Wangetukana kifaru tu, wakae, wasubiri.

Na uhalisia wenyewe una mipaka yake ya ajabu. Katika mchezo huo huo, dereva akipigwa kombora la kichwa hufufuka baada ya muda mfupi, mzima, kofia imenyooka, na anaendelea na safari. Hilo halimsumbui mtu. Lakini nilipokosea bolti moja ya mlango wa nyuma nilipokea kurasa kumi na nne za malalamiko, zenye michoro, kutoka kwa bwana mmoja ambaye mwishoni aliniombea nipate kazi nyingine.

Wenzangu wa kazi wanaishi miji yenye lami hadi mlangoni. Mimi nina kitu ambacho wao hawana, nacho ni matope. Siku moja nilihitaji kukadiria jinsi kifaru kinavyozama kwenye udongo uliolowa, na kwa bahati lori la majani chai likakwama kwenye njia inayoelekea Kapsoit. Uzito wa lori tunaujua, majani yake tunayajua. Nikatoka na rula na daftari, nikachutama kupima kina cha alama za matairi. Kabla sijamaliza akina mama watatu wenye vikapu vya chai walikuwa wamesimama nyuma yangu, na mmoja akaniuliza kama hatimaye lami inakuja. Nikamwambia hapana, ninapima kifaru. Aliitikia kwa heshima sana, kama mtu anayejua amefichwa jambo kwa sababu nzuri. Kufikia Jumapili habari zilikuwa kwamba serikali imetuma mhandisi kupima barabara kimya kimya, na juma lililofuata mgombea mmoja wa udiwani alisimama sokoni akatangaza kwamba mhandisi huyo ameletwa na yeye. Nilikuwa kwenye umati. Nilipiga makofi pia, ningefanya nini.

Kwa miaka miwili nilipewa vipande tu. Wewe kadiria minyororo, mwingine akadirie mzinga. Kwa ajili ya minyororo hiyo nilikwenda hadi Sotik kukaa kutwa nzima nikitazama tingatinga la watu wa barabara likirudi nyuma, na dereva wake akaondoka akiamini nimempenda. Kisha mwaka jana nikapewa kifaru changu cha kwanza peke yangu, kifaru cha zamani ambacho majeshi mengi bado yanacho. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Nikikipitisha mbele ya wachezaji, ningeandikiwa barua ya kazi ya kudumu. Nikishindwa, mkataba wangu ungeishia hapo, nami ningerudi kuchuma chai ya mama, ambaye husema nachuma kama mtu anayenyoa mbuzi.

Chuma nilikimaliza, injini nikaimaliza. Nilikwama kwa mtu. Ndani ya kifaru hicho kuna mpakiaji, askari ambaye kazi yake ni kunyanyua kombora kwa mikono na kulisukuma ndani ya mzinga. Muda wa kupakia kombora la kwanza unajulikana, umeandikwa kila mahali. Lakini la kumi je? La ishirini? Mikono ya binadamu haiwezi kuwa ile ile, na hapo hakuna aliyeandika chochote. Kwenye mchezo wetu mpakiaji alikuwa anapakia kwa kasi moja asubuhi hadi jioni, na wachezaji walikuwa wanatucheka.

Bosi wangu, mama mmoja mwenye subira anayeonekana kwenye skrini akiwa na mbwa miguuni, aliniuliza kama namjua mtu yeyote aliyewahi kutumikia vifaru. Sheria inaruhusu mstaafu kueleza maisha ya kawaida ya kazini, mradi asitoe siri na ajaze fomu. Kabla sijaupima ulimi wangu nilisikia ukisema ndiyo, ninaye. Mjomba wangu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, na kwetu mjomba ni mtu mzito. Neno lake likikuangukia vibaya, watu huwatazama hata ng'ombe wako kwa wasiwasi. Alistaafu kutoka kambi ya vifaru nikiwa shule ya msingi, akarudi na sanduku la chuma, bereti na kimya. Hicho kimya ndicho kilichomjenga. Wanajeshi wengine wastaafu wa mlima wetu walipigana vita kila Jumamosi kwenye benchi la posho mill, pale kwenye kinu cha unga, na kadiri walivyosimulia ndivyo watu walivyowapunguzia vyeo. Mjomba hakusimulia lolote. Watu wakaamua kwamba anayenyamaza ndiye aliyeona makubwa, na kila mwaka wakampandisha. Nikiwa darasa la tano alikuwa dereva wa kifaru. Nilipofika sekondari alikuwa kamanda. Nilipomaliza chuo nilimsikia mtu kwenye foleni ya maziwa akisema kwamba mzee yule anajua serikali imeficha vifaru vingapi chini ya mashamba ya chai, na ndiyo maana hapewi pasipoti. Mjomba hajawahi kuomba pasipoti.

Ushahidi ulikuwapo, kwa anayeutaka. Mikono yake ina makovu madogo ya moto, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, nasi watoto tuliambiana ni cheche za vita. Halafu kulikuwa na hesabu zake. Kwetu jiko ni nyumba ya peke yake, na mwanamume wa rika lake hafunui sufuria. Anaweza kushinda na njaa kando ya chakula kilichoiva akingoja mtu wa kupakua. Mjomba naye hakuwahi kuingia jikoni kwa mtu. Lakini kwenye kila harusi na kila matanga angeweka kiti chake nje ya ukuta wa jiko, mgongo ukiwa kwa wapishi, na baada ya muda angesema hewani, bila kumlenga yeyote, kwamba mchele ule hautafika meza ya tatu. Akina mama waliongeza mchele bila kubisha, kwa sababu hakuwahi kukosea. Tuliita hiyo hesabu ya kijeshi.

Na hakuna aliyemuuliza. Mtu mzima kwetu haulizwi alifanya nini, unangoja aseme. Wala vitu vya mtu havihesabiwi. Ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi atakwambia wapo, na hapo mazungumzo yamekwisha. Nimekulia kwenye jibu hilo. Hata hivyo nilipomwendea mara ya kwanza, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, mkononi, nikamuuliza kambini kwao kulikuwa na vifaru vingapi, naye akanijibu vilikuwako, nilirudi nyumbani mbio nikaandika kwenye daftari langu: chanzo kimekataa kuthibitisha wala kukanusha, kiwango cha uhakika, juu. Haikuniingia akilini kwamba mtu huyo angejibu vivyo hivyo kama ningemuuliza idadi ya kuku.

Mara ya pili alinieleza kwa kirefu habari za ng'ombe wake mmoja mwenye ugonjwa wa kiwele. Mara ya tatu nilibeba kompyuta. Nikamwonyesha mchezo, na zaidi ya yote nikamwonyesha ndani, mahali ambapo mpakiaji anaonekana akinyanyua kombora, anasukuma, anageuka, ananyanyua lingine. Mjomba alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Huyu anakula saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia kwenye mchezo hakuna chakula.

"Na hachoki?"

Nikamweleza kwamba hilo ndilo lililonileta, kwamba bado hatujajua anachoka lini, na kwamba kazi yangu imesimama juu ya hiyo mikono. Alivua miwani akaipangusa. Niliona amekasirika, na mjomba hakasiriki ovyo. Alisema huo ni uwongo, na kwamba atakuja mwenyewe kuongea na hao watu. Nilishuka mlima ule nikiimba. Jioni hiyo hiyo nilimwandikia bosi kwamba chanzo kiko tayari, na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba ni kamanda.

Siku ya mazungumzo ilipangwa alasiri. Mama alifagia chumba changu mara mbili akatandika kitambaa cha kufuma juu ya mashine ya mtandao. Mjomba alifika mapema kabla ya mvua, koti limepigwa pasi, bereti kichwani, viatu vinang'aa kupita vya mchungaji. Mama alimpa chai kwa mikono miwili akarudi jikoni kwake ng'ambo ya ua. Tukabaki wawili, na ilikuwa imesalia nusu saa.

Nikatumia muda huo kumsomea fomu, nikiitafsiri mstari kwa mstari. Nathibitisha kwamba nitakayosema ni ya kweli kwa kadiri ninavyojua. Sitatoa siri ya jeshi lolote. Wadhifa wangu ulikuwa, halafu kisanduku kitupu. Nikamweleza kwamba jina lake halitaandikwa popote, ila wadhifa utachapishwa kwenye maelezo ya mchezo, kwa sababu kila nambari lazima ionyeshe imetoka kwa nani, na wadhifa ukiwa wa uwongo mimi nimefukuzwa. Aliniomba nirudie hapo pa wadhifa. Nikarudia. Akaniambia nifunge mlango.

Mjomba husema nami Kikipsigis siku zote. Jambo likiwa rasmi ndipo huingia kwenye Kiswahili cha kambini, na sasa alikaa wima akaingia humo.

"Mimi sijawai danganya mtu," akasema. "Nyinyi ndio mlikuwa mnajiambia. Mimi nilikuwa jikoni, lakwee, mtoto wangu. Kutoka siku ya kwanza mpaka ile ya mwisho. Nilikuwa napikia watu wa vifaru."

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na kwa muda nilijifanya sikusikia vizuri. Akanipa nafasi hiyo, kisha akaendelea. Siku alipoondoka kwenda jeshini baba yake alichinja dume, na mlima mzima ulimsindikiza hadi barabarani. Huko mafunzoni afisa mmoja alipita kwenye mstari akinyoosha kidole, wewe karakana, wewe stoo, wewe jikoni. Hakukuwa na kubisha. Likizo ya kwanza alirudi amejiandaa kuulizwa, ili aseme, achekwe, yaishe. Hakuna aliyemuuliza. Alipewa kiti cha mbele. Angewezaje kusema katikati ya wanaume wa rika lake kwamba anaamka alfajiri kufunua sufuria? Akaona atasema likizo ijayo.

"Kila nikirudi kiti ilikuwa imeongezeka," akasema. "Sasa ningeshuka namna gani?"

Niliona aibu, na niseme wazi kwamba haikuwa aibu kwa ajili yake. Mimi ndiye mtaalamu wa kukadiria. Nalipwa kutazama kovu kwenye chuma na kusema lilitoka wapi. Makovu ya mafuta ya moto nimeyatazama tangu nikiwa mtoto, nikayapa vita. Mlima mzima ulimpandisha cheo mtu bila chanzo hata kimoja, halafu ukaondoa ngazi. Kisha nikamkasirikia kila mtu aliyewahi kumvutia kiti, nami nikiwamo, maana ni mimi niliyemwandika kamanda kwenye barua iliyovuka bahari.

Nikamwambia tuache. Ningesema ameugua, ningesema mtandao umekatika kwa mvua. Nilijua maana yake ni kwamba barua ya kazi imekwenda, na nadhani sauti yangu ilinisaliti, kwa sababu alinitazama kwa upole mwingi kuliko niliostahili. Halafu akaitazama kompyuta.

"Huyo mtu wa kupakia, mpaka leo hachoki?"

"Mpaka leo, Anko."

"Basi washa."

Bosi akatokea kwenye skrini, mbwa akapita nyuma yake. Walisalimiana, mimi nikitafsiri huku na huku. Aliuliza swali lake moja kubwa, mpakiaji anachoka lini, na mjomba akaweka mikono yote miwili juu ya meza na kuanza kueleza kwa utaratibu, kama mtu aliyengojea swali hilo tangu astaafu.

Alisema vifaru vilirudi kutoka mazoezini saa sita mchana na watu wake walipanga foleni na sahani. Kamanda wa kifaru alikuja wa kwanza, dereva akafuata na nundu kwenye paji, mpakiaji siku zote wa mwisho. Na yeye alimtazama mpakiaji mkono. Kama wamepiga makombora machache, alishika kijiko kama mtu yeyote. Kama wamefika kumi na kitu, alikifungia ngumi, vile mtoto hushika. Na siku za kupiga sana hakuweza kukishika kabisa. Kijiko kilianguka, mwenzake akamwokotea, kikaanguka tena, na wengine wakacheka mpaka zamu yao ilipofika. Kwa hiyo alianza kuwawekea kando uji mzito kwenye kikombe kikubwa chenye mikono miwili, wakanywa kwa kukikumbatia. Hakuna aliyemwambia ni makombora mangapi yamepigwa, hiyo ingekuwa siri. Alihesabu milio akiwa jikoni, akahesabu na vijiko vilivyoanguka, na kesho yake akaongeza unga.

Bosi aliandika bila kuinua kichwa. Kila alipotaka zaidi, mjomba alimpa hadi mahali ujuzi wake ulipoishia, kisha akasema, hapo sijui, hapo nilikuwa nje. Nimefanya kazi na majenerali wastaafu kwa barua pepe, watu wa vitabu na medali, na sijawahi kusikia chanzo kikisema sijui kwa raha namna ile. Kuanzia kombora la ngapi mkono unaanza kukosea, alikuwa na nambari. Baada ya kula unarudi kwa muda gani, alikuwa na nambari. Nilijua ni nambari nzuri kwa namna zilivyokuwa na kingo mbaya, si zile mviringo, kumi kamili, ishirini kamili, za watu wanaobuni.

Mwishowe bosi akauliza, kwa ajili ya fomu, mheshimiwa alikuwa na wadhifa gani hasa. Nilimtafsiria mjomba. Kazi yangu na heshima yake sasa vilikuwa ndani ya kisanduku kimoja. Bosi hajui Kiswahili, mjomba Kiingereza chake ni cha amri tu, na kati yao nilikuwapo mimi. Ningeweza kusema chochote. Nakiri nilikuwa tayari nimeandaa neno, msaidizi wa kikosi, neno ambalo si uwongo na wala si kweli, la aina tunayoitumia sana katika kazi hii. Mjomba alivua bereti akaiweka mezani.

"Mwambie mpishi," akasema. "Lakini mama yako asijue."

Nikatafsiri nusu ya kwanza. Hapo hapo nikaanza kuomba radhi kwa ile barua yangu ya kamanda. Bosi akanikatiza. Alisema miaka yote wamekuwa wakiwauliza watu waliokuwa ndani ya kifaru, na kila mmoja wao aliapa kwamba hakuchoka.

Basi ikaandikwa hivyo: mpishi wa kambi, mstaafu. Uhakika, juu. Mpakiaji wetu akaanza kuchoka, na wachezaji wakatutukana majuma mawili kwamba tumewaharibia kifaru, mpaka bwana mmoja ambaye ujanani alikuwa mpakiaji wa kweli, katika nchi nisiyoweza kutamka miji yake, akaandika kwamba acheni kelele, ndivyo ilivyokuwa, yeye alikuwa anakunywa supu kwa bakuli kwa sababu hiyo. Kelele zikaisha. Barua yangu ikaja. Leo hii wanaume wenye vitambi kila upande wa dunia wanajua kwamba mkono wa mpakiaji wa kifaru hicho ulipimwa na mpishi, wanamtaja kwa heshima kwenye mabishano yao, na yule bwana wa kurasa kumi na nne anamwita Mpishi kwa herufi kubwa. Mahali pekee ambapo habari hiyo haijafika ni mlima mmoja upande huu wa Sosiot. Majeshi makubwa yenye makabati ya chuma hayajaweza kutunza siri hivyo.

Juma moja baada ya barua nilimsaidia mama kuchuma. Yeye alikuwa mstari wa juu, mimi wa chini, umande bado uko kwenye majani. Aliniuliza mjomba aliwaambia nini wale wazungu. Nikamjibu kwamba ni mambo ya jeshi, hayasemwi. Alichuma hadi mwisho wa mstari, akamimina mkono wake wa mwisho kikapuni, akarudi akasimama karibu nami.

"Akikuja likizo mimi ndiye nilikuwa nafua nguo yake," akasema. "Zilikuwa zinanuka kitunguu. Kila likizo, kitunguu na mafuta ya kukaanga."

Nilitafuta jani la kuchuma sikuliona.

"Na alikuwa ananiletea chapati kwa ile sanduku. Anasema ni ya kambi. Inakaa siku tatu na bado ni laini. Nilikuwa nangoja aniambie, nimuulize huwa anaweka nini. Mpaka sasa nangoja." Aliirekebisha kamba ya kikapu begani. "Nimejaribu maji moto, nimejaribu maziwa, nimejaribu mayai. Bado sijafika."